Maji ya Kusukutua

Jumapili, 1 Ramadhani

Kuna jambo sijamwambia mtu, si Mama, si rafiki yangu Mwamvua, na Mwenyezi Mungu simwambii kwa sababu anaona. Leo ni saumu ya kwanza na mimi sikufunga. Nimekula daku na wenzangu, nimetia nia na wenzangu, nimefuturu na wenzangu kwa tende za sahani moja, na katikati hapo nimekunywa maji mara sijui ngapi.

Nakunywa wakati wa kutawadha. Naingia chooni, nafungua bomba, naosha mikono, natia maji kinywani kusukutua kama anavyosukutua kila Muislamu, kisha badala ya kuyatema nayameza. Kiganja baada ya kiganja. Bomba likiwa wazi hakuna anayesikia koo. Nikitoka, uso unadondoka maji, na Bibi akiniona ananiombea dua.

Hii si kiu ya watu. Kila mtu ana kiu Ramadhani. Yangu imeanza tangu mwezi wa Rajabu na haijui mchana wala usiku; ni kama mtu amekaa kooni mwangu anasugua kwa kitambaa kikavu. Na nikinywa, maji hayakai. Yanapita tu, meupe kama yalivyoingia, na punde narudi chooni. Nikirudi natawadha, nikitawadha nakunywa, nikinywa narudi.

Balaa lenyewe ni hili. Bibi Hind, mama yake Baba, ambaye nalala naye chumba kimoja, anadhani nimekuwa mcha Mungu.

"Mtoto huyu," kasema leo mbele ya futari, "hataki kukaa bila udhu hata kidogo. Na usiku anaamka kusali. Namsikia, bomba halinyamazi."

Hamda, mdogo wangu, mwenye miaka kumi na miwili na ulimi wa miaka arubaini, akadakia: "Au anaharisha."

Baba akacheka mpaka tambi zikampalia. Bibi hakucheka. Mimi nilitazama sahani yangu.

Jumatatu

Joto. Upepo umekata, hata pazia halitikisiki. Nimekunywa.

Jumatano, 4 Ramadhani

Skuli nakaa dawati moja na Mwamvua. Kwao Makunduchi, lakini anaishi kwa shangazi yake Michenzani ili asome mjini. Mimi naogopa hata kuuliza swali darasani. Yeye anaweza kubishana na mwalimu mkuu huku anatafuna kalamu.

"Wee Dalal, mara ya tatu hii na kipindi hakijesha. Unataga?"

"Nakwenda kutawadha."

"Kipindi cha hesabu kina sala gani?"

"Sunna."

"Sunna ya kukimbia mtihani hiyo!" Wa nyuma wote wakacheka. Niliporudi alikuwa hacheki tena. Akaniinamia. "Midomo yako imepasuka kama tope la kiangazi. Kama unaumwa sema. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Siumwi."

"Haya. Usiumwe."

Nilitaka kumwambia, wallahi nilitaka. Lakini ningesemaje? Mambo ya mwili nimesomeshwa kwa Kiingereza: moyo, damu, figo, vyote vina majina ya kuandika kwenye mtihani. Mambo ya saumu na udhu na aibu nayajua kwa Kiswahili. Jambo langu limelala katikati ya lugha mbili, na huku haliitwi, na kule haliitwi.

Ijumaa, 6 Ramadhani

Bi Mwanakhamis wa mlango wa pili alikuja kuazima mbuzi ya kukunia nazi. Nilikuwa ngazini nikasikia.

"Mwenzangu, huyu Dalal mmemleaje? Wangu nikiwaambia katawadheni, wananijibu, nshatawadha asubuhi!"

"Hatukumlea," Bibi kamjibu. Sauti yake ilikuwa imenenepa kwa raha. "Kaja hivyo. Mola akitaka kukupa, hakuulizi mlango wako uko wapi."

Kisha wakaniita. Nikasema naam, nikateremka, nikatoa shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Niombee. Dua ya mfungaji hairudi." Akaniwekea mkono kichwani.

Nikaitikia inshallah. Nikapanda juu nikamwombea kweli, kwa machozi. Sijui kama dua ya mtu kama mimi inafika juu, au inarudi chini kama karatasi.

Jumapili

Leo nlijaribu kikweli. Nlifika saa nne.

Jumatatu, 9 Ramadhani

Mama kanishika kiuno jikoni kwa mikono miwili. Sketi ya skuli inazunguka.

"Njoo hapa. Lete kidole."

Bibi ana kisukari, kwa hivyo mashine ya kupimia iko kabatini pamoja na vikombe vya wageni. Mama akanidunga, akasubiri, akatazama, akadunga kidole cha pili. Sukari iko sawa.

"Alhamdulillahi," akasema, halafu uso ukamshuka. "Basi ni nini?"

"Sina kitu, Mama."

"Dalal. Mtu aliyefunga hakojoi namna hii. Mimi ndiye nnayelala ukuta mmoja na choo, si Bibi yako." Akanitazama kidogo. Nilidhani ataniuliza kama nafunga kweli, hakuuliza. "Keshokutwa tunakwenda hospitali. Usimwambie Bibi, atataka kuja."

Jumatano, 11 Ramadhani

Bibi kaja.

Daktari anaitwa Wanu. Ni mwanamke kijana, miwani mizito, anazungumza kwa mikono yote miwili kama muuza vitambaa wa Mlandege. Kamuuliza Mama kama nimewahi kuumia kichwa. Mama akafikiri, kisha akajishika mdomo.

"Rajabu. Aliteleza ngazini na beseni la nguo mbichi. Akapotea fahamu kidogo, akatapika, tukamwekea barafu. Asubuhi yake akaamka mzima."

"Na kiu imeanza lini?" kaniuliza mimi.

"Rajabu," nikasema. Hapo ndipo nilipovisikia vitu viwili hivyo vikigongana. Sikuwahi kuviweka pamoja.

Daktari akaweka kidole katikati ya nyusi zake. "Humu ndani kabisa, juu ya paa la kinywa, pana seli chache. Zinatengeneza homoni inayoziambia figo zishike maji. Seli hizi zina mikia mirefu inayoteremka mpaka kwenye tezi inayoning'inia chini ya ubongo, na huko ndiko homoni inakomwagwa kwenye damu."

"Na nani anaziambia zimwage?" Bibi kauliza.

"Umeme, Bibi."

"Umeme! Basi ndiyo maana mambo yanakatika."

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. "Kila seli inapiga mshituko mdogo wa umeme, unateremka mkiani, homoni inamwagika. Mtu akiwa na maji ya kutosha, zinapiga moja moja, tena kivivu. Akianza kukaukiwa, zinabadilisha mtindo. Mnamjua mpiga daku anayeamsha watu usiku? Hapigi ngoma pigo mojamoja njia nzima. Anapiga mfululizo, ananyamaza anatembea, anapiga tena. Hizi seli ndivyo zinavyofanya: kishindo, kimya, kishindo. Mapigo yaleyale yakipigwa kwa mafungu yanamwaga homoni nyingi kuliko yakipigwa kwa kutawanywa. Ndipo mtu anafunga tangu alfajiri na maji yake yanabaki mwilini."

"Na huyu?" Mama kauliza.

"Huenda alipoanguka ile mikia ilikatika. Huenda. Lazima tupime." Kipimo ni cha Jumamosi: nikae hapo tangu asubuhi bila kutia tone kinywani, wanipime uzito, wanipime mkojo, watoe damu, waone kama mwili unajua kushika maji.

Bibi akapiga kofi gotini. "Si ndiyo saumu hiyo? Mbona kazi rahisi! Mjukuu wangu keshazoea."

Daktari akanitazama. "Leo umefunga, Dalal?"

"Kafunga," Bibi akajibu.

Alhamisi

Nawaza ngoma hizo ndani ya kichwa. Mpiga daku wangu kaanguka ngazini na beseni la nguo.

Jumamosi, 14 Ramadhani

Naandika haraka kabla mkono haujakataa.

Walinipa kitanda karibu na dirisha. Nesi akanipima kwenye mizani, akanipa jagi lenye mistari la kukojolea, akasema kila saa tutafanya hivyo. Mama alibaki na Hamda nyumbani kukicha, akaja baadaye. Bibi alikaa nami tangu mwanzo, kwenye kiti cha plastiki, tasbihi mkononi.

Saa ya kwanza nilivumilia. Ya pili ulimi ulikuwa kipande cha ngozi. Niliangalia tone lililokuwa likijikusanya mdomoni mwa bomba la kunawia, likanenepa, likaanguka, na mwili wangu wote ukaenda nalo.

Nesi akanipa jagi. Nikaingia chooni, nikafunga mlango kwa komeo. Naapa sikupanga. Nilikojoa, nikaliweka jagi pembeni, nikafungua bomba ninawe, na mkono ukafanya wenyewe ulichozoea: kiganja, kinywa, kumeza. Tena. Tena. Nilikumbuka niko wapi nilipokwisha kunywa tele. Nikajifuta, nikatoka. Bibi akanitazama uso mbichi, akatabasamu. "Hata hapa hutaki udhu ukuvunjikie."

Baada ya hapo sikuweza kuacha. Kila nilipopewa jagi.

Adhuhuri Daktari Wanu akaja na karatasi. Mama alikuwa keshafika.

"Hesabu hazikubali," kasema. "Kakojoa zaidi ya lita mbili, na uzito uko palepale. Damu haijakauka hata kidogo. Mwili si kisima, Dalal. Kinachotoka lazima kiwe kimeingia." Akakaa ukingoni mwa kitanda, akashusha sauti, bila ukali wowote. "Umekunywa?"

Lilikuwa neno moja tu. Ndiyo. Nilikuwa nalo mdomoni, nilishaanza kuvuta pumzi.

Bibi akasimama. "Daktari, ninyi mmesoma, lakini huyu namjua mimi. Nimekaa hapa tangu asubuhi. Wallahi, wabillahi, watallahi, mjukuu wangu hakunywa. Namwapia mimi, mbele ya Mola, na nimefunga."

Mgonjwa wa kitanda cha pili aligeuka.

Daktari hakumtazama Bibi. Alinitazama mimi.

"Sikunywa," nikasema.

Akakunja karatasi. "Kwa majibu haya siwezi kumpa dawa. Dawa yenyewe inamzuia mtu kutoa maji. Nikimpa asiyeihitaji, nitamdhuru. Baada ya sikukuu tutarudia. Mpaka hapo, akitaka maji apewe, Ramadhani au si Ramadhani. Na akiumwa kichwa au akitapika, mumlete mbio."

Njiani Bibi alinishika mkono. Alichokuwa amesikia ni kitu kimoja. "Damu yako nzima. Umesikia? Kiu ni nafsi tu. Tutaishinda wawili, mimi na wewe."

Jumapili

Ningesema, Bibi angekuwa ameapa uongo mbele ya watu. Sasa kila siku nikinyamaza kiapo chake kinazidi kuwa kizito, na mimi ndiye nnayekipakia. Mama akiniuliza kama nataka maji, namwambia sina kiu.

Jumatatu, 16 Ramadhani

Bibi amekuwa mwenzangu wa udhu. Miguu inamuuma lakini ananifuata mpaka chooni, anashika birika mwenyewe, ananimiminia maji kiganjani uzi mwembamba, anatazama kinywa changu kwa mapenzi. "Usisukutue sana, mama. Maji yasije yakapita." Natema. Mbele yake natema kila tone.

Skuli nimekunywa mpaka tumbo limeuma. Mwamvua alinikuta bombani. Hakusema kitu. Akageuka, akasimama mlangoni kunikinga wengine wasione. Nimemjua mtoto huyu miaka mitatu nikidhani hajui kunyamaza.

Jumatano, 18 Ramadhani

Haya ni ya jana. Leo asubuhi ndiyo nimetoka hospitali.

Jana Bibi kasema nisiende skuli, nipumzike nyumbani, tusome Kur-ani pamoja. Joto lilikuwa limekaa juu ya mji kama kifuniko cha sufuria. Tangu daku sikuwa nimepata nafasi. Kila nilipoinuka Bibi aliinuka. Aliinuka kwa shida, akijishika ukutani, akisema, "Twende, mwanangu, twende, mimi ni askari wako," na mimi nikaona haya kumwambia akae.

Kabla ya adhuhuri herufi zikaanza kutembea kwenye ukurasa. Kichwa kilikuwa kinapigwa kwa ndani. Nilitapika, hapakutoka kitu. Nakumbuka nikimwuliza Bibi kwa nini Hamda amesimama darini, na Hamda alikuwa skuli.

Bibi alidhani ni joto. Akanilaza kitandani kwake, akachovya kitambaa kwenye bakuli la maji, akaniwekea usoni. "Subiri, mama. Bado kidogo. Mfungaji ana furaha mbili."

Kitambaa kilikuwa kibichi. Maji yalikuwa yanateremka upande wa pua yangu. Nikakishika kwa mikono miwili, nikakitia kinywani, nikakinyonya.

"Dalal! Unafanya nini?"

"Nakunywa, Bibi."

"Umefunga!"

"Sijafunga hata siku moja." Yalitoka yote, na ulimi mzito kama wa mlevi, sikuweza kuyasimamisha. "Udhu wote nlikuwa nakunywa. Hospitali nlikunywa. Usiku sisali, nakunywa."

Mkono wake ulibaki hewani. Sitausahau, una hina ya zamani kwenye kucha. Nilidhani utashuka shavuni kwangu.

"Mama Dalal!" akapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Maji! Lete maji!"

Yaliletwa. Bibi akaniinua kichwa, akaninywesha mwenyewe, bilauri baada ya bilauri, mchana wa Ramadhani, madirisha wazi. Lakini hakunitazama. Alitazama maji tu. Baba akafunga duka akaja mbio, wakanipeleka, nikawekewa dripu. Daktari Wanu kaniuliza tena lile swali, nami mara hii nikajibu. Akaniambia, "Ahsante," kama nimempa kitu.

Ijumaa, 20 Ramadhani

Bibi hasemi nami. Nikitoa shikamoo ananijibu marahaba, basi. Asubuhi kavaa buibui akatoka peke yake, na jana vilevile, na Mama akimwuliza anakwenda wapi anasema anakwenda kwenye haja yake.

Nakunywa mbele ya watu sasa, Mama ananiwekea jagi. Sikujua kama maji ya halali yanaweza kuwa machungu hivi. Hamda hanitanii. Kaja akakaa miguuni mwangu, akauliza, "Bibi kakukasirikia?"

"Naona."

"Hata mimi kanikasirikia. Nlimuuliza kwa nini analia akaniambia ni vitunguu. Hakuna vitunguu kwenye msala wake wa kusalia, Dalal."

Jumamosi

Mvua ya kwanza. Mabati yote ya mji yanapiga kelele za maji.

Jumapili, 22 Ramadhani

Bibi alikuja chumbani baada ya alasiri, mvua inanyesha, akakaa kitandani pangu badala ya pake. Tasbihi ilikuwa mkononi, haihesabu.

"Nlikwenda kwa sheikh," akasema. "Nikamwambia, nimeapa kwa Mola mbele ya watu, na niliyoapia si kweli."

"Bibi, weye hukujua. Kosa langu."

"Ndivyo alivyosema na yeye. Niliapa nikiamini, sina kafara. Nikamwambia, Sheikh, sikuulizi kafara ya kiapo. Nakuuliza kafara ya kumziba mtoto mdomo." Akageuka, na mara ya kwanza tangu Jumanne akanitazama. "Daktari alikuuliza weye. Nikajibu mimi. Kisha akakuuliza tena, na mimi nikaapa. Ungesema nini? Mtoto gani angesema?"

Nikashika ncha ya tasbihi yake.

"Kila nilipokusifu nilikuwa nakufungia mlango. Na nilikuwa nasifu sana, Dalal, kwa sababu nlikuwa naona raha. Majirani wananiambia maneno mazuri, nayameza. Mie ndiye niliyekuwa nakunywa, si weye."

"Usiseme hivyo, Bibi."

"Acha niseme, mzee akipata ukweli autoe kabla hajasahau. Jana nlikwenda kwa daktari. Nikamwambia, kile kiapo changu kitoe kwenye karatasi zako. Anasema hakukiandika. Lo! Nimeacha kula na kulala kwa kitu hakikuandikwa!"

Nilikuwa nalia. Nimelia hadi kwikwi, kichwa mapajani mwake.

"Usilie," akasema, akinipapasa mgongo. "Unapoteza maji."

Jumanne, 24 Ramadhani

Kipimo cha pili. Daktari hakusubiri sikukuu.

Nesi alikuwa akisimama nami chooni, mlango wazi. Bibi kiti chake kilekile. Mara hii hakusoma tasbihi, alinishika kidole kidogo cha mguu tu, kama unavyomshika mtoto mchanga asiruke. Kila jagi nililotoa lilikuwa jeupe kama maji ya bomba, na kila saa mizani ilishuka. Kabla ya adhuhuri Daktari Wanu akasema basi, inatosha, sitaki kumuumiza. Wakanichoma sindano ya homoni iliyotengenezwa, mfano wa ile ninayoikosa, wakanipa maji kidogo.

Tukangoja. Nesi akaniletea jagi. Bibi akalinyanyua kwenye mwanga.

"Njano!" akapiga kelele. "Mama Dalal, njano! Alhamdulillahi, mkojo wa njano!"

Korido nzima ilisikia. Mzee mmoja alichungulia akasema, "Hongereni." Sijawahi kuona aibu kubwa kama ile, wala sijawahi kucheka vile.

Daktari alikaa nasi. Kasema figo zangu nzima, zilikuwa zinasubiri habari tu. Atanipa vidonge, na baada ya sikukuu nipigwe picha ya kichwa. Nikamuuliza, mimi mwenyewe, kwa sauti ambayo watu waliisikia: je, zile seli zimekufa?

"Baadhi labda. Lakini sikiliza. Seli hizi hazikai kama mawe ukutani. Mtu akikaukiwa siku kadhaa, zinanenepa. Katikati yao huwa pana seli nyengine ndogo zinazozitenga, kama mapazia. Kiu ikizidi, mapazia yanajivuta pembeni, seli zinagusana ubavu kwa ubavu na kusikizana vyema. Mtu akinywa akatulia, yanarudi. Yaani ubongo wa mtu mzima, wa Bibi yako huyu, unajipanga upya kwa sababu ya maji tu. Na mkia ukikatika, pengine unachipua tena, na seli zilizobaki zinabeba kazi ya zilizoondoka. Pengine. Siahidi, Dalal."

Nimerudi nikiwaza. Nilidhani Bibi anashinda kiu kwa imani, na mimi nashindwa kwa kuikosa. Kumbe Bibi ana imani, na ana zile seli zinazompigia ngoma tangu alfajiri mpaka magharibi bila yeye kujua. Hamda anazo, Bi Mwanakhamis anazo. Mimi nilikuwa na imani peke yake, na nikajiona sina kitu.

Jumatano

Nimelala usiku kucha. Hamda ndiye aliyeniamsha daku: "Mcha Mungu, leo bomba limenyamaza, tukadhani umekufa."

Ijumaa, 27 Ramadhani

Leo wanawake wa mtaa wanakuja kwetu kusoma khitma. Tangu mchana Mama na Hamda wanatandika mikeka, Baba kaleta gunia la sukari kisha kafukuzwa. Daktari amenikataza kufunga mwezi huu. Nitalipa akiniruhusu, na asiponiruhusu Baba atanitolea fidia. Vidonge vinashika, lakini kila kikianza kuisha nguvu kiu inarudi kidogo, na amri ni kwamba nikisikia kiu ninywe papo hapo, si zaidi wala si baadaye.

Asubuhi nilimuuliza Bibi, "Wakikuuliza habari zangu utawaambia nini?"

Alikuwa anachambua mchele. "Mimi? Sisemi kitu. Nshakusemea mara moja tukaona tulipofika." Akapuliza makapi. "Ukitaka kusema, utasema. Ukitaka kunyamaza, nitanyamaza nawe. Lakini mdomo ni wako."

Tangu hapo nimekaa huku juu. Nimesikia wakiingia mmoja mmoja, shikamoo na marahaba, viatu vinavuliwa mlangoni. Nimemsikia Bi Mwanakhamis akiuliza, "Yuko wapi? Nataka akae mbele, hawa wangu wamtazame." Nimengoja Bibi ajibu. Bibi hakujibu. Kisha Bi Mwanakhamis akasema basi atanifuata mwenyewe.

Kiu imekuja. Nimemimina bilauri, nimekunywa nusu.

"Dalal! Uko wapi, mcha Mungu wetu?"

Yuko ngazini. Anapumzika kila ngazi, na nyuma yake nasikia miguu myepesi ya binti zake.

"Naam," nimeitika.

Daftari naliingiza chini ya mto, hili ni langu. Bilauri naiacha papo hapo juu ya meza, mbele ya mlango, na midomo yangu siifuti.